Kukata Mpira wa Rejeta

Jumatatu, 9 Juni
Geti la mteja limekauka rangi. Nimelisukuma pembeni, nimerudi kwenye gari langu la kuunda mwenyewe. Chasisi ya pikapu iliyokufa, injini ya gari jingine, bodi ya bati na mabomba ya mraba. Majirani hapa Mkomaindo, Masasi, wanaliita Kabati. Waite. Mlango nimeushusha, kiti nimekipima kimo sawa na kitanda cha mama, maana tangu avunjike nyonga hawezi kupanda ngazi za basi. Yeye yuko Newala. Dada yake, mama mkubwa, anaumwa huko kwake Lupaso, amekataa chakula, na kila siku anamuulizia mdogo wake. Jumamosi nawakutanisha. Kimebaki kitu kimoja tu: mpira wa kupitisha maji kutoka kwenye rejeta.

Jumanne, 10 Juni
Mpira umefika kutoka Dar. Wa silikoni, buluu, una kona. Injini nimeigeuza, kwa hiyo mipira ya maduka ya Masasi haiingii. Ncha moja ni ndefu mno. Nimeikata kwa msumeno wa chuma. Nyuzi za ndani zimechomoza, ukingo umekwenda upande. Nikarekebisha, ukaenda upande wa pili. Mke wangu kaleta chai, kautazama.

"Baba Zuhura, umeukata au umeutafuna?"

Chai nimekunywa.

Jumatano, 11 Juni
Nimeuvalisha hivyohivyo na kuukaza kwa klipu. Utatulia.

Alhamisi, 12 Juni
Haukutulia. Nimeujaribu kwenye mlima wa Newala. Kabla sijafika juu, mvuke, maji ya moto yanachuruzika barabarani. Upande mmoja wa mpira ulikuwa mfupi, klipu haikuushika. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alinisaidia maji, na maneno pia: "Huku maji tunayatafuta kwa shida, mwanangu, wewe unanywesha lami."

Aibu tupu. Nimegeuza. Jioni nimempigia mama, nimemwambia huenda Jumamosi isiwezekane. Akauliza kama dada yake bado anaongea. Nimeumia sana.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeuona ujinga wangu. Bomba la geti sikati kwa macho hata siku moja. Naviringisha ukanda wa karatasi, kingo zikikutana ndipo nachora. Mpira nimeukata kama muwa. Kwa sababu ni laini, nikaudharau.

Urefu uliobaki ni wa kukata mara moja tu. Nikikosea, haufiki kwenye injini. Niliogopa, sitaki kujidanganya. Nikaenda kwanza kuswali.

Niliporudi mikono imetulia. Nimechomeka mti wa mviringo ndani ya mpira usibonyee. Klipu nimeifunga pale pa kukata, wembe ufuate ukingo wake. Wembe mpya, umelowa maji ya sabuni. Msumeno nimeuweka mbali kabisa. Nikazungusha polepole, kila mzunguko wembe ukizama kidogo. Kipande kikadondoka. Ukingo laini, hakuna uzi hata mmoja.

Nimemwita mke wangu. Kapitisha kidole pande zote. "Haya. Huu sasa umekatwa."

Nimefurahi kama mtoto. Mpira nimeuvalisha, nikampigia mama kuwa kesho naja.

Jumamosi, 14 Juni
Mlima wote mshale wa joto umekaa palepale. Nilikuwa naimba peke yangu.

Mama alikuwa ameketi mlangoni na kanga mpya. Shikamoo yangu kaiitikia huku anainuka. Akalizunguka gari lote na mkongojo wake.

"Waliniambia kabati. Mbona lina magurudumu?"

Kaingia mwenyewe, bila kushikwa mkono. Ila njia nzima alishikilia mlango kwa mikono miwili. Lupaso nikafungua boneti, nikapapasa mpira. Mkavu. Nikageuka kumwonyesha mama. Alishaingia ndani kwa dada yake.

Jumapili, 15 Juni
Mama mkubwa amekunywa uji. Kijiko kashika mama. Usiku wamelala kitanda kimoja. Tangu asubuhi ni Chimakonde cha zamani, majina ya watu nisiowajua, na vicheko. Mama kasema habanduki hapa mpaka mikorosho itoe maua.

Nimeaga mara mbili. Hawakunisikia.