Kabla Sijapanda Kaburi la Baba

Chuo cha Biblia,
Mbulu,
Mkoa wa Manyara (mkono bado unataka kuandika Arusha),
6 Septemba 2005

Dada yangu Doris,

Shikamoo dada. Nisalimie shemeji na watoto wote, hasa huyo wa mwisho ambaye sijamwona tangu aanze kutembea. Mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku juu unaijua, asubuhi tunaingia darasani tumevaa makoti ya mitumba na blanketi juu yake, na mwalimu akifungua mdomo unatoka mvuke tu. Chakula nakula vizuri. Kulala ndiyo shida, na sababu yake utaiona humu.

Barua yako ilifika zamani kidogo. Nimeikunjua na kuikunja mpaka imechanika katikati. Unataka nikuapie kwa maandishi kwamba sitapanda kaburi la baba, hiyo bung'eda yake. Nimechelewa kujibu, naomba usione ni dharau. Kila nikishika kalamu naandika shikamoo, halafu mkono unakataa kuendelea. Leo nimejifungia maktaba, nimesema sitoki mpaka nimalize.

Kaka Gidamis alinipigia simu. Siku hizi hata yeye ana namba, anapanda kile kilima cha nyuma ya boma kutafuta mtandao huku fimbo iko kwapani. Aliniambia udongo umefika juu, kaburi sasa linamzidi mtu mrefu mara mbili, na wazee wamepanga kulifunga Jumamosi ya wiki ijayo. Akanikumbusha, kama vile mimi ni mgeni, kwamba siku hiyo wana wote wa kiume wa marehemu wanapanda mpaka juu, kila mmoja anamwombea baba. Akikosekana mmoja, wazee hawafungi. Nilimuuliza wasipofunga itakuwaje. Akasema najua mwenyewe. Mama atabaki kama alivyo sasa, hapaki mafuta, havuki lango la boma, hasalimiani na wageni wa mbali, ataonekana mjane wa nyumba iliyogawanyika mpaka naye afe. Kaka hakufoka, dada. Unamjua Gidamis, akikasirika anafoka mpaka ndama wanakimbia. Safari hii alisema taratibu, ndiyo maana nikaogopa.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo, Mchungaji Hermani, kuomba ruhusa. Yeye ni Mwiraqw wa huku milimani, mtu mpole, mke wake hututumia maziwa tukiugua. Nilimweleza kwamba kwetu Wadatoga mzee wa kawaida anazikwa tu, ila yule aliyeheshimika ukoo mzima unamjengea, kwa miezi mingi, miti na udongo na samadi, na kwamba wakati wa kufunga wanawe wa kiume lazima wawepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwaka juzi mhitimu wetu mmoja alionekana kwenye shughuli ya namna hiyo na pombe ya asali mkononi, usharika wake ukapasuka, nusu ya watu hawajarudi kanisani hadi leo. Akasema pole kwa msiba, kwenda kumsalimia mama ni ruhusa kabisa. Lakini nikikanyaga hicho kichuguu nisirudi hapa. Mahafali ni Novemba, dada. Miaka minne. Nilitoka ofisini kwake nikasahau hata kofia yangu kitini.

Sasa sikia jambo la kuchekesha, ingawa mimi halijanichekesha. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa Kiebrania alitugawia vifungu vya kufafanua, kila mtu na chake. Mimi kwa sababu naitwa Joseph akanipa Yusufu anayeomba ruhusa kwa Farao akamzike baba yake. Darasa zima lilicheka, hawajui. Nimekaa na kifungu hicho, nasoma kutoka kulia kwenda kushoto kidole kikiwa chini ya mstari, neno moja linanichukua nusu saa. Yusufu alimzika baba yake akisindikizwa na wakuu wa Misri, watu walioabudu vitu wanavyovijua wenyewe, na wote wakalia. Farao alimwambia nenda. Mimi Farao wangu ni mchungaji na amenikatalia. Niliandika hivyo kwenye kazi yangu, nikaogopa, nikafuta.

Najua utasema Yusufu alikuwa na baba aliyemjua Mungu, na baba yetu alikufa mpagani. Umeandika hivyo mara mbili kwenye barua yako. Umeandika pia kwamba unalia ukikumbuka, na kwamba boma lile hutalikanyaga tena, kwa sababu ya mama. Hapo ndipo pananikosesha usingizi. Nivumilie kidogo, nianzie mbali.

Unakumbuka bung'eda ya babu. Wewe uliwahi kuiona, mimi nimeonyeshwa tu mahali ilipokuwa, ngano inaota juu yake. Baba alikuwa na umri wangu wa sasa trekta zilipopita pale. Alisimama ukingoni na ng'ombe wake akaangalia baba yake akilimwa. Alinisimulia hayo safari moja tu, tena alikuwa anatazama pembeni. Alisema babu yetu hana mahali pa kusalimiwa. Mzee ambaye watu hawana pa kumsalimia, alisema, hata mjane wake anakuwa mjane wa upepo. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani ananiambia habari za kilimo.

Baba alipolazwa hospitali ya Haydom ulikuwa umejifungua, usingeweza kuja, hakuna wa kukulaumu. Tulikuwa mama na mimi. Mchana mmoja watu wa vitanda vya jirani walikuwa wametoka kuota jua. Baba aliniita, akaniuliza mnafanya nini hasa mnapomwagia mtu maji. Nilimweleza vile nilivyojua, vibaya, nikichanganya Kidatoga na Kiswahili cha darasani. Kisha akasema nimmwagie.

Dada, mimi ni mwanafunzi, sina mamlaka. Lakini tulifundishwa kwamba mtu akiwa mahututi na akaomba mwenyewe, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Nikamuuliza jina gani, nikamtajia ya mitume. Akasema Gidabasuda. Akasema Mungu, yeye humwita Aseeta, amemjua kwa jina hilo tangu anachunga ndama, akimwita kwa lingine yeye hataitika. Nikambatiza Gidabasuda, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nilirudia mara mbili kwa kuogopa nimekosea.

Baada ya hapo alitushika mikono akatufunga kwa maneno. Tusiseme kwa mtu mpaka wazee watakapokuwa wamemjengea na kufunga. Alijua wakisikia wataacha udongo ulipo waende zao, na mama abaki mjane wa upepo. Nikamwambia huo ni udanganyifu. Akasema yeye hajamdanganya mtu, amebaki mtu wao na sasa ni mtu wa huyu Yesu pia, nani amemuuliza akakana. Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi. Nimesoma Kiebrania, nimesoma Kigiriki, sijui.

Nimeandika alitushika mikono, wewe utakuwa umeshaliona hilo. Mimi mikono yangu ilitetemeka mno, kikombe kingemwagika kitandani. Aliyekishika ni mama. Ni kile kikombe chake cha bati alichonywea chai asubuhi, alikisuuza mwenyewe bombani, akakileta kimejaa, akakishika chini ya mkono wangu mpaka nilipomaliza. Kisha akamfuta baba paji la uso kwa shuka lake.

Siku iliyofuata ndipo mchungaji wenu wa Masakta alipofika na basi, ulimtuma wewe, na mama akasimama mlangoni pa wodi akamrudisha. Ni kweli alimrudisha, hakukudanganya. Lakini kazi aliyoijia ilikuwa imekwisha, na mama alijua yule mchungaji akiingia tu, Jumapili kanisa zima litatangaziwa. Kwenye mazishi ulimwambia mama, mbele ya wakwe zako na wanawake wa boma, kwamba amemfungia baba mlango wa mbinguni. Mimi nilikuwa pale. Nilimtazama nikisubiri aseme. Alichukua kibuyu cha maziwa akaingia ndani. Nami nikanyamaza, kwa sababu tulikuwa tumefungwa, na pia kwa sababu niliogopa.

Sasa nimekuambia, nimevunja neno la baba siku kumi na moja kabla ya wakati. Kila kitu kiko mkononi mwako. Ukimwambia mchungaji wako Jumapili hii, Jumatatu wazee watajua, na Jumamosi hapatakuwa na watu pale isipokuwa Gidamis na mama. Sikuapishi. Wewe ulitaka nikuapie na mimi nimeshindwa, kwa hiyo siwezi kukudai.

Mimi nitapanda. Begi limefungwa, liko chini ya kitanda. Juu pale nitamwombea baba kwa lugha yetu, kwa sauti, kama nilivyofundishwa hapa, wazee wasikie wanachosikia. Pombe sitakunywa. Wakishafunga nitamwambia Gidamis, halafu nitarudi huku nimwambie mkuu wa chuo kwa mdomo wangu kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Akinifukuza nitachukua kofia yangu. Kwenye karatasi ni rahisi kusema.

Gidamis aliniambia kitu kimoja zaidi kabla mtandao haujakata. Mama asubuhi hukaa upande wa lango unaotazama njia inayotoka kwenu Masakta. Kaka anadhani ni kwa ajili ya jua.

Ukiamua kuja Jumamosi ile, usimwambie mama kwamba unajua, wala usimwombe msamaha mbele za watu, atatahayari. Msalimie tu. Tangu mazishi hujamsalimia.

Barua hii ukishaisoma itie motoni. Msalimie mchungaji wako pia, kwa mengine yote. Mungu awalinde wewe, shemeji na watoto, na mimi mniombee Jumamosi ile, asubuhi hasa.

Mdogo wako akupendaye,
Joseph Gidabasuda