Vazi la Kishamba

Jumatano, 9 Julai

Uji wa ulezi asubuhi, kama kawaida. Prisca amekunywa nusu. Yai amelikataa. Mama yake, wifi yangu, akamtilia biskuti na juisi ya unga kwenye mkoba.

Mwezi uliopita daktari alisema mbele yetu wote: damu ya mtoto ni ndogo. Ale maharage, mboga za majani, maini, mayai, matunda. Chai asinywe pamoja na chakula. Turudi tarehe 21 apimwe, na isipopanda atalazwa. Mimi nilisikia. Kaka alisikia. Wifi alikuwa anaangalia simu.

Naishi kwao hapa Nangara, napika mimi. Lawama nazo zitakuwa zangu.

Ijumaa, 11 Julai

Jumamosi ya wiki ijayo Prisca anatimiza miaka sita. Wifi ametangaza mezani kwamba sherehe itakuwa na mandhari. Nikauliza mandhari ya nini. Akanionyesha kwenye simu watoto wa kizungu wamekaa juu ya nyasi kavu, kofia pana kichwani, karoti mkononi. Shamba.

Tunakaa Babati. Nyuma ya ukuta wetu kuna mahindi ya jirani. Prisca akitaka kuona ng'ombe anachungulia dirishani. Wifi ameagiza ng'ombe wa puto.

Ujinga mtupu.

Jumapili, 13 Julai

Mwaliko umeshafika kwenye simu za watu. "Vazi: kishamba."

Nikamwambia wifi kwamba ukimwambia mtu aje kishamba umemtukana. Kwamba wazazi wengine wanatoka Sigino na wanalima kweli. Akacheka.

"Wifi, mambo haya niachie mimi. Wewe shika sufuria."

Nimeshika sufuria. Maini na mchicha. Prisca alikuwa ameanza kula vizuri, polepole, mama yake akaingia na chipsi. Sahani yangu ikaishia hapo.

Jumatano, 16 Julai

Mboga zimefika. Za plastiki. Karoti, bilinganya, kabichi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na kikapu cha mayai, nayo ya plastiki. Meza nzima ya mboga, hata moja hailiki.

Nikauliza watoto watakula nini. Chipsi, soseji, soda, keki ya kijani. Kijani ni rangi tu.

Prisca amelala mchana wote. Nimemfunua kope, ndani kweupe. Nikamwita kaka aone. Akasema tuache kwanza sherehe ipite. Mwanamume mzima, anamwogopa mkewe kuliko hospitali.

Ijumaa, 18 Julai

Wifi amepuliza maputo mpaka kaumwa kichwa. Vizuri.

Maharage usiku. Prisca kala nusu.

Jumamosi, 19 Julai

Wamekuja. Hakuna hata mmoja aliyevaa kishamba. Suti, tai, magauni meupe ya lesi. Baba mmoja wa Sigino kavaa suti ya harusi yake, kwenye jua lote lile, viatu vimepigwa rangi mpaka soli. Kila mtu amekuja kutuonyesha kwamba yeye si mshamba. Mshamba alikuwa Prisca peke yake, ndani ya ovaroli yenye viraka vilivyoshonewa makusudi.

Mama yetu akafika kutoka Mutuka, kuku kwapani, kiroba cha mbaazi mbichi mkononi. Watoto wakamwamkia kwa pamoja. Akaitikia marahaba moja kwa wote, macho yako kwa mjukuu wake.

"Mama Prisca, nguo za huyu mtoto zimeenda wapi?"

"Ndiyo mandhari, mama. Shamba."

"Mimi nimelima maisha yangu yote. Sijawahi kumvalisha mtoto matambara siku yake, watu wakiangalia."

Yule baba wa Sigino akakohoa ndani ya tai yake. Wengine waliangalia soda zao. Wifi akaagiza kuku na kiroba vipelekwe nyuma, vinaharibu picha.

Mbaazi zinaharibu picha ya shamba. Nimeiandika na bado siamini.

Mama alivibeba mwenyewe. Wakati wa keki mwenye siku haonekani. Nikamkuta nyuma ya jiko, amejibanza kwa bibi yake, ovaroli imejaa maganda, kuku amefungwa kwenye mguu wa benchi. Wanamenya. Bibi hakumbembeleza ale. Alimwambia tu kwamba zile alizomenya kwa mkono wake ni zake, asiyepewa asiguse. Nikazipika palepale kwa kitunguu na nyanya. Mtoto akala bakuli zima na kukwangua.

Ndipo akaenda kukata keki. Akalisha wageni, mwenyewe hakuonja. Alikuwa ameshiba.

Wifi amejifungia chumbani tangu wageni waondoke. Sikumfuata.

Jumatatu, 21 Julai

Damu imepanda kidogo. Hatalazwa. Tuendelee hivyo hivyo, turudi mwezi ujao.

Daktari akauliza mtoto anakula nini. Kabla sijafungua mdomo wifi akawahi:

"Tunampa mbaazi."

Tunampa. Mbaazi za siku mbili hazipandishi damu ya mtu. Ni yale maini, ule mchicha na ule uji, nusu kwa nusu, wiki baada ya wiki. Kaka alikuwa anafuta macho, na mimi mwenyewe nilikuwa natafuta leso.

Jioni Prisca amekaa nyuma ya jiko na kiroba chake. Wifi katoka, kavua viatu vya ofisini, kavuta kigoda. Anamenya vibaya sana. Punje zinaruka mpaka kwenye majivu. Prisca akamwambia azifuate, akazifuata.

Kuku ametaga ndani ya kile kikapu cha mayai ya plastiki. Prisca ameyashika mayai yote, moja moja, mpaka akapata lenye joto. Amesema kesho nimchemshie hilo.