Vidole vya Papa Ukutani

Papa mpendwa,

Hapa Kisangani joto linabana, lituma ya ndizi za kutwanga na samaki ninakula kila siku, na jana nilikuona kanisani.

Nilikuwa nimempeleka Nimal, fundi wa umeme ninayefanya naye kazi, Mbudha kutoka Sri Lanka. Mlangoni akavua viatu. Mama anayefagia akamwambia, "Papa, vaa viatu, hapa haiko musikiti." Akavaa, akatazama juu, kisha akaniuliza kwa Kifaransa chake cha polepole: "Kwetu watawa walitufundisha kusoma, na mahekalu tulijenga wenyewe. Dini yenu imewaletea nini?"

Nikajibu kichwa juu: shule, hospitali, hata hiki Kifaransa tunachoongea.

"Bon, hivyo mliletewa. Na ninyi mlijenga nini?"

Nikaegemea ukuta wa nyuma, pale rangi ilipobanduka, na mkono wangu ukagusa alama ya vidole vitatu kwenye tofali, cha katikati kifupi kama chako. Papa, ni ile alama uliyotuonyesha tukiwa wadogo, uliyokuwa ukiibonyeza kwenye matofali mabichi ulipofanya kazi kwa mapadri.

"Huu ni mkono wa papa yangu," nikamwambia. "Mapadri walileta sala, ukuta aliuleta yeye na wenzake."

Nimal akaweka vidole vyake palepale. Halafu akavua viatu tena, na safari hii yule mama hakusema kitu.

Maji waachie wajukuu wakuchotee. Mkono wa kuume upumzishe, Papa. Kazi yake bado imesimama.

Binti yako,
Furaha