Kilichonizuia Kuja Nyumbani

Mbotela, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kile kikohozi kimekuachia kifua na kuku wako wanataga. Sisi hatujambo, na mkweo Kweyu angali kiwandani. Nimeamua kuandika kwa sababu ukipigiwa simu unafungua spika, kijiji kizima kikasikia. Vaa miwani, usome peke yako.

Ule mguu niliokuambia umeteguka, haukuteguka. Mwaka mzima nilikuwa nikilichua goti, kumbe goti la watu halina kosa. Daktari aliuzungusha mguu nikapiga ukelele, na picha ikaonyesha gegedu la nyonga, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, limelika, mifupa inasagana. Alisema sijarogwa, na kwamba ugonjwa huu hauishi kabisa ila unatunzika. Upasuaji upo, lakini bado hatujafika huko. Nami nilidhani dawa ni kulala! Nduta, anayenifundisha mazoezi hospitalini, alinigombeza kama mtoto. Alisema nikikaa tu nyonga itakakamaa, kwa hiyo nitembee kidogo kidogo, nipunguze mwili, na mkongojo niushike kwa mkono wa upande usiouma. Dagaa wangu wa omena sasa nawauza nikiwa juu ya stuli ndefu, kigoda nimekiacha. Usiku nalala, Mama, silii tena.

Sasa neno lenyewe. Najua unawaambia watu kwamba Kweyu ananikataza kuja, na kwamba Krismasi mbili umekaa ukiangalia njia. Kweyu hana hatia. Ni choo chako, Mama. Siwezi kuchuchumaa. Mara ya mwisho nilikwama mle ndani, nikajivuta kwa mlango machozi yakinitoka, nanyi mnaniita chai inapoa. Niliona aibu kukuambia, nikakuacha udhani nimekusahau. Hilo limeniuma kuliko nyonga.

Basi nimemwendea fundi Gachanja hapa mtaani anitengenezee kiti chenye tundu katikati. Alicheka mpaka akaweka msumeno chini, kisha akauliza mgonjwa ana kimo gani. Nikamwambia wagonjwa ni wawili, na kimo ni kimoja.

Ndiyo, Mama. Bwire ameniambia kwamba nawe siku hizi unainuka kwa kushika ukuta, na kwamba ulimkataza asinieleze. Usimgombeze mdogo wangu. Nakuja Pasaka, na kiti nitakiacha huko.

Wasalimie wote, ila haya ya choo yabaki yetu.

Ni mimi binti yako, uliyemzaa akafanana nawe mpaka kwa kuficha,
Ayuma