Gunia la Mchanga

Dada yangu,

Wifi yako anakusalimu. Anasema sufuria uliyoisahau hapa ameshaizoea, kwa hiyo usije ukaidai. Mimi bado nashona sare za wafungwa, na cherehani ya gereza bado inakata uzi.

Uliniandikia kwa furaha kwamba mwanao amepimwa uzito. Ukasema, "Kama wangetaka kumnyonga, wangehangaika na afya yake ya nini?"

Dada, si daktari aliyeagiza apimwe. Jana mkuu wa karakana aliniletea turubai nishone gunia. Linajazwa mchanga mpaka lifikie uzito wa mwanao, kisha linaning'inizwa kuijaribu kamba.

"Shona imara," akaniambia. Anajua mimi ni mjomba wa kijana, ndiyo maana hakunitazama.

Yule mwenzake aliyeshika kisu siku ile ya mauaji alitafutiwa wakili na baba yake, na leo yuko kwao anafuga kuku. Wetu alipewa wakili aliyesinzia mahakamani. Halafu tunaambiwa sheria ni msumeno! Msumeno gani huu unaochagua mti?

Gunia nililishona kwa uzi mbovu, makusudi. Leo asubuhi lilipasuka, mchanga ukatapakaa sakafuni, nikafurahi kama mtoto. Mchana wakaniletea turubai jingine.

Usingoje tena majibu ya ombi la msamaha. Aliyekuletea barua hii ni dereva wa basi. Rudi naye usiku huu huu. Kesho nitashona upya, askari akiwa amesimama nyuma yangu. Njoo kabla sijamaliza.

Mdogo wako