Kiapo cha Mkalimani

Kisumu,
12 Februari 2024

Kwako binti yangu Mercyline,

Nakusalimu sana. Natumai joto la huko North Horr halijakumaliza, na wagonjwa wanakuachia nafasi ya kunywa chai. Mimi niko mzima isipokuwa magoti. Mama yako yuko Pap Onditi, anapalilia mtama, na amesema nikuambie amepata ile dawa ya presha.

Najua mtandao wa huko ni wa kubahatisha, ndiyo maana nakuandikia barua na kuituma kwa basi. Tena kwenye simu mimi huona kama naongea na ukuta.

Nimeanza ile miezi sita ya mafunzo ya uwakili. Karatasi za mtihani wa Chuo cha Sheria nimezimaliza zote tisa, hata ile ya uhamishaji wa ardhi iliyoniangusha mara mbili. Sasa nakaa chini ya wakili aliyefanya kazi miaka mitano au zaidi, anifundishe, kisha anitilie sahihi cheti. Bila sahihi hiyo siapishwi. Wakili wangu anaitwa Naswa, ofisi yake iko Milimani, na ana umri wa kaka yako mkubwa. Tuko wanafunzi wawili. Mwenzangu ni msichana anaitwa Sheryl, miaka ishirini na tano, ananiita Mzee.

Kazi yangu mpaka sasa ni kupeleka barua na kutoa nakala. Juzi nilipeleka barua kwenye boma moja hapo hapo Milimani, askari akaniuliza mimi ni dereva wa nani.

Wiki jana tulikuwa kortini tukisikiliza tu. Shahidi akaanza kuongea Dholuo, na mimi nikajikuta nimesimama nianze kumtafsiria hakimu. Miaka ishirini na mbili ya ukalimani, Mercyline. Miguu ilisimama yenyewe. Karani akacheka, hakimu akasema, "Bwana Oluoch, kaa, leo uko upande ule mwingine." Nikakaa.

Nimechoka kidogo, lakini ni miezi sita tu.

Ni mimi baba yako,
Zacchaeus Oluoch

North Horr,
5 Machi 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi niko salama, ila vumbi limeingia mpaka kwenye sindano. Magoti uyafunge na kitambaa cha moto kila jioni, usiniambie umesahau.

Baba, nilicheka kuhusu hakimu, halafu nikaacha kucheka. Una miaka hamsini na tatu. Ulipoacha kazi ya korti ulimwambia Mama ni shahada tu. Shahada ikaisha, ukasema ni Chuo cha Sheria tu. Sasa ni miezi sita tu. Nilipompigia Mama alikuwa amebeba maji, na hakukulalamikia hata neno moja. Hiyo ndiyo inaniuma, kwamba halalamiki.

Maliza, Baba. Usigombane na mtu, usimsahihishe mtu Kiingereza chake. Maliza urudi nyumbani.

Binti yako,
Mercyline

Kisumu,
9 Juni 2024

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Niliposikia umelazwa na malaria sikulala vizuri mpaka Mama yako aliponiambia umerudi kazini. Kula, hata kama hujisikii. Sisi tuko wazima.

Nataka uniambie unavyofikiri, maana kwa Mama yako sijasema.

Kuna mteja wetu, mjane wa Kisian, anaitwa Debra Okinyi. Shamba lake linapakana na barabara ya Busia. Kuna watu wanataka kujenga kituo cha petroli hapo, na shemeji yake James yuko pamoja nao. Kesi imekaa miaka minne. Sasa imeandikwa hati ya makubaliano kwa Kiingereza, kurasa sita, na alama ya dole gumba lake iko tayari chini. Aliiweka siku ambayo mimi nilikuwa masjala. Juu ya dole kuna maneno haya: kwamba hati hii imesomwa kwake kwa Dholuo, akaielewa, akaikubali. Halafu pana nafasi ya jina la mkalimani.

Wakili Naswa aliniita, akaniambia, "Mzee, weka jina lako hapo. Wewe korti nzima inakujua, hakuna atakayeuliza."

Nikamwambia, "Lakini mimi sikumsomea."

Akasema, "Alielezwa. Ni utaratibu tu."

Nikaomba muda nisome. Hati inasema anauza shamba lote. Mimi nimewahi kumsikia huyo mama pale kwenye benchi la wageni akimwambia Sheryl kwamba anatoa kipande cha mbele tu, na nyumba na kaburi la mume wake vinabaki.

Cheti changu ni mwezi wa nane. Kimebaki mezani kwa mtu huyo huyo.

Baba yako

North Horr,
17 Juni 2024

Baba,

Natumai u mzima. Naandika haraka, basi linaondoka.

Tia sahihi.

Najua hutapenda. Labda huyo mama alielezwa kweli, labda alibadilisha mawazo na wewe hukuwepo. Wakili wake ni Naswa, si wewe. Wewe ni mwanafunzi. Dhambi ikiwepo, ni yake. Ukikataa atakunyima cheti, na utaanza tena, na Mama atabeba maji mwaka mwingine. Nani atakuja kukushukuru? Huyo wa Kisian hata hakujui jina.

Nakuomba kama mtoto wako.

Mercyline

Kisumu,
28 Julai 2024

Kwako Mercyline,

Nakusalimu. Natumai nguvu zimerudi. Nimekaa na barua yako wiki nyingi, nikiifungua na kuifunga, na sikukukasirikia. Kila neno lako lilikuwa na maana.

Nilienda Kisian. Nilimkuta Mama Debra akianika mihogo juu ya gunia. Nikamwomba kiti, nikamsomea kurasa zote sita kwa Dholuo, pole pole, jinsi nilivyowasomea watu maisha yangu yote, bila kuongeza na bila kupunguza. Nilipofika ukurasa wa tatu akanishika mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Lote?"

"Lote, Mama. Na nyumba."

Hakupiga kelele. Kuku akapanda juu ya mihogo, na hatukumfukuza. Kisha akasema, "Waliniambia niweke kidole ili kesi ipate tarehe."

Kesho yake niliingia ofisini nikamwambia Wakili Naswa mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Nilimwambia nimemsomea na amekataa, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba amekubali. Akasema, "Ulikuwa umebakiza wiki sita, Mzee." Neno kufukuza hakulitamka. Alisema nisije tena, na miezi niliyokaa kwake hataithibitisha. Sheryl alinisindikiza mpaka getini, analia. Nikambembeleza mimi.

Mama Debra alichukua faili lake akalipeleka kwa wakili mwingine hapa mjini, Gakenia, binti wa wale wafanyabiashara waliohamia hapa kutoka Murang'a. Huyo akamuuliza, "Nani alikusomea?" Akanitaja, wakili akaniita. Basi Jumatatu naanza kwake. Miezi sita, kutoka siku ya kwanza.

Sikuwa jasiri, nisikudanganye. Njiani kwenda Kisian niligeuka mara moja, nikarudi mpaka barabarani, nikasimama. Nilichoka tu kufikiria kwamba jina langu lingekaa pale na ni uongo.

Mama yako nitamwambia Jumamosi.

Baba yako

Pap Onditi,
20 Oktoba 2024

Kwako Baba,

Shikamoo Baba. Nisamehe kwa kimya changu. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu, na vyote viwili havijui kuandika barua.

Niko nyumbani kwa likizo, wewe uko Kisumu, tumepishana kwa siku mbili. Nimempalilia Mama upande wote wa mtoni. Nilimuuliza alisema nini ulipomwambia. Akasema, "Nilimwambia, kama umeanza tena, basi maliza tena." Halafu akaniagiza nilete jembe lingine.

Mwezi wa tisa tulikuwa na mwanamke wa kupelekwa Marsabit kwa upasuaji. Fomu ya idhini iko mbele yake, mumewe yuko tayari kutia sahihi, gari linangoja. Mimi Kigabra, lugha yake, sikijui vizuri. Nilitaka tuondoke. Mkono wangu ukakataa kuisukuma ile fomu. Nikamtafuta mfagiaji wetu, mama mtu mzima, nikamwambia amweleze kila kitu. Mgonjwa aliuliza maswali matano, Baba. Matano. Ndipo akakubali. Dereva alinitukana.

Nilikuambia utie sahihi. Naiondoa barua ile.

Mtoto wako,
Mercyline

Pap Onditi,
14 Septemba 2025

Kwako binti yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Pole kwamba ruhusa haikupatikana. Wagonjwa kwanza, sikulaumu.

Basi nimeapishwa. Gakenia alitia sahihi mwezi wa pili, kisha maombi yakakaa foleni kwa miezi mpaka tukaitwa Nairobi. Joho niliazima kwake, likanibana mabegani. Kesi ya Mama Debra bado haijaisha, lakini bado analala nyumbani kwake.

Tulisafiri usiku kucha na Mama yako. Ukumbi ulijaa vijana na wazazi wao na maua. Nilimkalisha safu ya nyuma karibu na ukuta, nikaenda mbele na wenzangu. Tulipoanza kuitwa niligeuka nimwone. Alikuwa amelala. Kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya mkoba. Mwanamke aliyekaa kando alitaka kumwamsha. Nikamtikisia kichwa kutoka kule mbele: mwache.

Nikaitwa, nikaapa, nikatia jina langu kwenye orodha ya mawakili, na yeye hakusikia hata kidogo. Watu walipiga makofi na vigelegele, hakugutuka.

Sherehe ilipokwisha nilienda nikaketi karibu naye, na joho langu la kuazima, mpaka ukumbi ukabaki na wafagiaji. Akafungua macho.

"Wameshakuita?"

"Wameniita."

"Ukaitika?"

"Nikaitika."

Akaliangalia lile joho, akaninyoosha kola.

"Basi twende nyumbani," akasema. "Nimechoka."

Baba yako anayekupenda,
Zacchaeus