Mtungi wa Mama na Makombo ya Maji

Jumapili, 12 Septemba

Leo Mama kanipiga kofi bila kuinua mkono. Mbele ya watu!

Tulikuwa kwa mdogo wangu Lazhari, tunakula kuskusi ya mwanakondoo. Mama akajifuta vidole, akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, kwamba mwaka huu mtungi wake wa mafuta ujazwe kwa zeituni za Lazhari.

Kijiko kikanisimama njiani.

Tangu Baba alipofariki mtungi wa Mama naujaza mimi. Mimi ndiye mkubwa. Mama analala kwangu, anaamka kwangu, unga wake wa shayiri anaukoroga kwa mafuta yangu. Mgeni akija anachovyewa mkate, anaambiwa: onja, haya ni ya Mefteh wangu. Bonde zima limezoea hivyo. Ukiondoa maneno yale, mimi nani? Mzee wa punda tu.

Nikauliza kosa langu. Akasema mafuta yako ya mwaka jana yalinikwaruza koo, mwanangu, kama umekamua kamba.

Mwaka jana haikunyesha! Nikamwambia hivyo. Akasema: kwani kwa Lazhari ilinyesha?

Watu wakacheka. Lazhari hakucheka, aliinamia sahani. Lakini masikio yake niliyaona. Masikio yalikuwa yanacheka.

Jumatano, 15 Septemba

Nimesimama juu ya tuta langu, lile la kuzuia maji ya mvua, kuangalia shamba lake kule chini. Si kupeleleza. Tuta ni langu, macho ni yangu.

Mipira yake myeusi ya maji imetambaa kila mahali. Haiweki shinani — anaizungusha mbali, pale kivuli cha matawi kinapoishia. Matone, ti, ti, ti. Halafu yeye anatembea na kijiti cha chuma, anakichomeka ardhini, anakichomoa, anakipapasa kwa vidole, anatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa wa homa. Kisha anafunga koki. Anafunga! Maji yapo na mtu anafunga! Eti mzeituni ukinyweshwa ovyo unakuwa mvivu.

Miti yake ina kijani cha kuudhi. Yangu ina rangi ya punda.

Tumenyonya ziwa moja, mimi na yeye. Kayajulia wapi haya? Mimi nilipokuwa Libya niliwaonyesha wahandisi mahali pa kuchimba kisima kwa kunusa upepo tu. Walitaka kunipa nyumba ya ghorofa. Nikakataa, nikarudi kwa ajili ya Mama. Na Mama leo anataka mafuta ya mtu wa kijiti.

Ijumaa, 17 Septemba

Mgahawani baada ya swala. Nikawasimulia ile zeituni niliyoichuma mwaka wa harusi yangu, niliyoikata kwa kisu, nusu nikala asubuhi, nusu jioni. Zamani wangenyamaza. Leo Khlifa, mwenye kinu cha kukamulia, anasema: Bwana Mefteh, hiyo nusu ya jioni ulihifadhi wapi, kwenye friji au zizini?

Halafu wakamgeukia Lazhari wamuulize habari za koki. Lazhari! Mtu ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kikombe cha chai! Wakamsogezea kiti. Wakamwagizia chai ya lozi. Yangu haikuwa na lozi.

Hata watoto wake wananiambia: Baba Mkubwa, ile ya ngamia leo ifupishe.

Jumapili, 19 Septemba

Nimepata!

Nani yuko juu? Mimi. Mvua ya mlimani inafika kwa nani kwanza? Kwangu. Inasimama nyuma ya tuta langu, miti yangu inakunywa, kilichozidi ndicho kinachoruka kizingiti cha mlango wa mawe ulio tutani na kushuka kwa Lazhari. Na tangi lake la chini ya ardhi, lile linalolisha mipira yote, linajazwa na nini? Na hichohicho kilichozidi! Makombo yangu! Mtu anasifiwa bonde zima kwa makombo yangu!

Kizingiti kile alikiweka Babu. Kimo chake hakibadilishwi mpaka mwenye shamba la chini aje aweke mkono wake juu ya jiwe, ishara ya kukubali, na watu wanaona. Desturi naijua kuliko wote, nisifundishwe.

Lakini kukarabati si kubadilisha. Kimechakaa. Na mtu akikarabati, mkono ukazidisha mawe kidogo, hilo uulizwe mkono.

Jumanne, 21 Septemba

Kazi imekwisha. Saruji, na mawe ya zizi bovu. Nimeifanya mchana kweupe, Lazhari kampeleka Mama mjini kwa daktari wa macho. Kwa pikapu yake. Na mto wa kukalia. Mimi nina punda, na punda haji na mto.

Kizingiti kilikuwa kinanifika kifundoni. Sasa kinapita goti. Nimekipaka tope juu, ukikiona utaapa Babu mwenyewe alikijenga. Babu hakuwa na saruji, maskini. Angekuwa nayo angefanya hivihivi.

Mke wangu Mbarka kauliza hicho cheupe kwenye ndevu ni nini. Nikasema unga. Akasema: tangu lini unapika wewe?

Jumamosi, 9 Oktoba

MVUA!

Imeanza adhuhuri, mlima ukawa mweusi, halafu maji yakaja yana povu, mekundu, yanasukuma vijiti na vinyesi vya mbuzi. Yamejaa kwangu tuta mpaka tuta. Ziwa! Sijaona uzuri kama huu tangu nizaliwe. Na mlangoni halijapita hata tone.

Lazhari kasimama kule chini mikono kiunoni, anauangalia mlango kama mtu anayesubiri basi. Kutoka kule haoni kilicho nyuma ya tuta. Na hapandi bila kuitwa, shamba la mkubwa haliingiwi hivyo. Adabu yake ndiyo pazia langu!

Jioni kaja nyumbani. Nikamuwahi njiani, nikamshika bega, nikamwingiza ndani kunywa chai.

Kaka, kwako imefika?

Kidogo, nikasema. Mvua za siku hizi zina mipaka. Nikamsimulia ile ya Libya iliyonyesha upande mmoja wa ngamia, upande wa pili unatimka vumbi.

Akacheka. Anacheka vizuri, huyu mtu, na ndicho kinachonikera. Akasema: basi kaka, mwaka huu mimi ndiye ule upande wa vumbi. Akambusu Mama kichwani, akaenda zake.

Nimelala kama mfalme.

Alhamisi, 14 Oktoba

Matone yamekoma! Mipira yake imelala kimya. Tangi tupu.

Zeituni zangu zinavimba, unaziona hivi zinavimba! Nimemletea Mama tawi kitandani. Akazipapasa. Zimenenepa, akasema. Nikamuuliza na mtungi je? Akasema: neno langu nimeshampa mdogo wako — labda zake zikishindwa.

Labda! Mama hajawahi kusema labda bure.

Jumamosi, 23 Oktoba

Siku mbaya.

Ziwa halijaisha. Chini pale ni mfinyanzi, maji yamekaa tu, yameanza kunuka. Majani ya miti ya katikati yamepata unjano. Nimewaambia nyie miti, kunyweni! Hainywi. Haijui bahati.

Si hilo. Lazhari kanunua maji ya tangi la trekta, kidogo, uwezo wake hauruhusu zaidi. Na hakugawa. Kachagua miti michache ya karibu na njia, anainywesha hiyo peke yake, kwa kopo, kwenye ule mduara wa kivuli. Mingine yote kaiacha ikunje majani. Mbarka kamuuliza kwa nini hiyo tu. Akajibu: hii ndiyo ya mtungi wa Mama, shemeji.

Mbarka hakuweza kunyamaza, kamwambia Mama. Mama akalia! Akasema mwanangu anainyima miti yake kwa ajili ya koo langu.

Na mimi? Mimi sikuumia mgongo kupanga yale mawe? Nilimfanyia nani? Lakini hayo hayasemeki. Anapendwa kwa kukosa, na mimi nimemkosesha mwenyewe. Nimemnyang'anya maji, kayageuza kuwa machozi ya Mama!

Sikula.

Jumanne, 2 Novemba

Nimepeleka vikapu viwili kwa Khlifa, majaribio, nijue nimesimamaje. Zeituni kubwa, zinang'aa! Watu wote kinuni waligeuka. Nikawaambia zioneni, hizi ndizo zile za kukatwa kwa kisu.

Khlifa akaibana moja kwa vidole. Ikamrukia machoni. Akasema: hii ni zeituni au tikiti?

Wakacheka mpaka punda wangu akageuka.

Zikakamuliwa. Likatoka limaji jeusi, likatoka, likatoka. Mafuta — kidogo, membamba, hayana harufu. Khlifa akaonja, akatema pembeni kwa heshima. Akaninong'oneza: Bwana Mefteh, karibu na mavuno mtu hanyweshi hivi, hata mtoto anajua. Umeyapata wapi maji yote haya, na Lazhari yuko chini yako anateka kwa kopo?

Nikasema ni mbegu ya Libya. Ina maji ya kuzaliwa nayo.

Hakucheka safari hii. Ndilo linaloniuma zaidi, hakucheka.

Ijumaa, 5 Novemba

Mlimani kuna mawingu tena. Ziwa langu bado lipo nusu. Litaingia wapi jipya? Nimeuangalia mlango. Saruji imekauka kama mfupa. Nilifanya kazi nzuri mno.

Ningeweza kwenda kwa Lazhari nikamwambia njoo uweke mkono kwenye jiwe, tukishushe kizingiti. Halafu? Bonde zima lijue, Mama ajue. Atachukua mtungi na sifa na huruma, vyote kwa pamoja. Hapana. Huenda isinyeshe.

Jumapili, 7 Novemba

Inanyesha tangu swala ya alfajiri. Haijapumua.

Asubuhi maji yalikuwa chini ya ukingo wa tuta kwa kimo cha koleo. Adhuhuri kwa kimo cha mkono. Mlangoni yanapita membamba juu ya mawe yangu, hayatoshi, yanaingia zaidi ya yanayotoka. Na tuta limeanza kulia. Upande wa chini, katikati ya udongo, vijicho vya maji vinatoka. Tuta likilia hivyo ni saa si nyingi. Likienda linachukua miti yangu na udongo wa Babu na Baba, linashuka kwa Lazhari linachukua vyake vyote. Na ile miti ya karibu na njia ndiyo ya kwanza.

Watu wameona. Hapa tuta la mtu likilia hawaalikwi, wanakuja. Wamekuja na makoleo, magunia, Khlifa na viatu vyake vya kinuni. Na Lazhari mbele yao. Leo kapanda bila kuitwa.

Nimeingia ndani kubadili viatu. Ndivyo nilivyowaambia.

Kutoka dirishani nawaona. Lazhari kasimama juu ya tuta, maji yanamlamba vifundo, anaelekeza: gunia hapa, wewe pale, msikanyage upande laini. Wanamtii! Tuta langu, ziwa langu, na hata mafuriko yangu anataka kuyasimamia yeye!

Sasa kaenda mlangoni. Kainama. Anapapasa kizingiti chini ya maji, anatafuta jiwe la Babu. Tope limesafishwa na mvua. Mkono umesimama.

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele! Kaweka kiganja chote juu ya saruji, kakiacha hapo, watu wote wanaona. Kisha kageuza uso kuelekea nyumba. Nimerudi nyuma ya pazia.

Sasa anasema kwa sauti, namsikia: jamani, mlango umeziba, kuna kifusi kimeshuka na maji, tunahitaji mtalimbo tuvunje. Kifusi! Kanisitiri! Mbele ya Khlifa! Nani kamwomba? Khlifa anasema kifusi gani hiki chenye saruji, Lazhari anasema wewe shika gunia, Bwana Khlifa, mdomo utashika baadaye.

Mtalimbo uko kwangu, nyuma ya mlango. Bonde zima hili mzito kama huu hakuna. Nikivunja, yote yanashuka kwake, yanajaza tangi lake mpaka mdomoni, na mtungi ndio basi tena.

Mama kaamka. Kakaa kitandani, macho yake yanaona kivuli tu kule tutani. Kauliza: nani yule amesimama kwenye maji?

Mbarka kanitazama mimi kwanza. Kisha kamjibu: Lazhari, Mama.

Mama akasema: peke yake? Mkubwa wake yuko wapi?

Viatu gani! Natoka hivihivi, na mtalimbo begani. Mbarka, nishikie mlango!